Kwa Mnyima Maji

Ukikigusa Kipande 614 kwenye kioo kilichotundikwa barazani kwangu, kinafunguka kama ganda la karanga. Kinakuambia urefu wake, aina ya lami, mwendo unaoruhusiwa, mashimo yaliyozibwa na mashimo ambayo mkandarasi aliapa kuwa ameyaziba. Ukikigusa tena zinatokea alama. Kipande chetu kilikuwa na alama moja tu iliyo hai, kitone chekundu kinachopumua kama kidonda kibichi, na jina lake limeandikwa pembeni: Kwa Mnyima Maji. Chini ya jina, uzito. Siku hiyo uzito ulikuwa hamsini na mbili, na baraza zima lilishangilia kama tumefunga bao.

“Hamsini na mbili!” Kedmon alijipiga paja. Kedmon anauza kuku wa kuchoma pale kituoni, na kazi ngumu kuliko zote aliyowahi kufanya maishani ni kupepea mkaa. “Semeni, ramani yako tamu, dada yangu.”

“Ramani si yangu. Ondoa viatu kwenye mkeka.”

Ramani ni ya Shirika la Njia. Walipokuja hapa kwetu Chigongwelo kutafuta pa kutundika kioo hawakuuliza nani amesoma. Waliuliza nyumba ipi haikosi watu, wakaoneshwa yangu kwa vidole vya mji mzima. Hapa kwangu asubuhi watu wanakunywa chai, mchana wanakula mlenda, jioni wanakula watu. Wakanipa cheo, mtunza kipande, na kofia ambayo naitumia kushikia sufuria ya moto. Kazi yenyewe ni kukaa, kuangalia, na kuacha watu waongee. Kazi hiyo nilikuwa naifanya bure tangu nijue kukaa.

Basi la Manyoni lilionekana kwenye kioo kabla ya kuonekana barabarani, mshale wa bluu ukiteleza juu ya kipande. Halina dereva. Barabara kuu haina tena gari lenye dereva, na madereva wenyewe siku hizi wanafuga nguruwe na kusimulia uongo. Mshale ulipokigusa kitone chekundu basi likapunguza mwendo, na sauti yake, sauti ya msichana ambaye hajawahi kushikwa na kiu, ikasikika mpaka barazani:

“Abiria wapendwa, tunaingia Kwa Mnyima Maji. Mahali hapa mwanamke mmoja alimnyima maji majeruhi aliyekuwa akikata roho mlangoni pake. Mnakaribishwa kununua zabibu.”

Abiria wakamwagika. Nusu wakaenda sokoni, nusu moja kwa moja kwenye mlango wa bluu ulio mkabala na kwangu, simu zimetangulia mbele ya nyuso.

“Hodi! Tunaomba maji!”

Na kicheko.

Nyemo akatoka na jagi. Kila basi likisimama hutoka na jagi. Ni mwanamke mrefu, hana haraka, na siku hizo alikuwa hamtazami mtu usoni. Akawamiminia mmoja mmoja. Walitaka akatae, ndicho walichoshukia. Alipowapa wakanuna kama watoto walionyimwa ngoma. Kijana mmoja mwenye miwani mikubwa akapokea kikombe, akakigeuza mbele ya simu yake, maji yakamwagikia vidole vya miguu ya Nyemo.

“Jamani, kanipa!” akawaambia watazamaji wake, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mabwege. Mtu anatoka Dodoma mjini, amelipa nauli, amechana nywele, anakuja kumwaga maji kwenye miguu ya mama wa watu, halafu anataka kidari na pilipili kwa wingi.

Nyemo alikichukua kikombe, akakisuuza, akampa aliyefuata.

“Huyu mama ni mtaji,” Kedmon akasema, na akalikimbilia jiko lake.

*

Sasa nisikilize vizuri, maana hili si la kusikia, hili nililiona. Kijana wa bodaboda aligongwa na lori lisilo na mtu. Tulimbeba mpaka kwenye mlango uliokuwa karibu, ukawa wa Nyemo. Alikuwa ameumia tumboni kwa ndani, na alikuwa anaomba maji. Nyemo alikuwa na simu sikioni, daktari wa gari la wagonjwa upande wa pili, anamwambia asimpe hata funda moja, amloweshe midomo tu, maana atapasuliwa. Basi Nyemo akawa anachovya pindo la kanga na kumpangusa midomo, na kila kijana alipoomba kikombe, alitikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. Umati ukaona kichwa kinatikisika. Machozi haukuyaona. Umati hauna macho ya vitu vidogo. Kijana akafa kabla gari halijafika.

Siku ya mazishi yule daktari alikuja, akasimama kando ya kaburi, akaeleza yote kwa Kiswahili cha kueleweka na mbuzi. Watu wakaitikia, ndiyo daktari, tumeelewa daktari. Na kweli walielewa. Kisha wakarudi nyumbani wakiulizana nani ana usafiri wa kupitia Kwa Mnyima Maji.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba watu wa hapa hawakujua. Walijua wote. Jina lilikuwa tamu tu.

Na utamu ndio unaopimwa. Shirika halitaki magari yake yasimamesimame ovyo. Kila simu na kila gari lina sikio, na sikio linahesabu mahali gani watu wanapataja wakiwa katika maongezi yao wenyewe. Panapotajwa sana panapata uzito. Uzito ukishuka chini ya arobaini kitone kinazimika, na magari yanapita kama hapana watu. Si mabasi tu. Malori ya mizigo, gari la dawa, gari la wagonjwa, yote yanasoma ramani hiyo hiyo moja.

Jirani zetu wa Kiwandani walijifunza hilo kwa mabega. Kiwanda chao cha alizeti kilifungwa, maneno yakaisha, kitone kikazimika. Wakasimama barabarani wakipunga mashati, na mabasi yakawakwepa kwa adabu kama yanavyowakwepa mbuzi. Siku hizi wajawazito wao wanaletwa kwetu juu ya mkokoteni, jua linawachoma, ili gari la wagonjwa liwakute kwenye kitone chekundu.

Yaani kila mtoto aliyezaliwa salama upande huu wa barabara kuu alizaliwa kwa hisani ya tusi alilobandikwa Nyemo. Limeze hilo na mlenda wako.

*

Washenga wa Manyoni walikuja Jumapili mchana, wanaume watatu na shangazi mmoja, kumposa Sechelela, binti pekee wa Nyemo. Nyemo aliniazima viti na akaniomba niwepo kama jirani. Nilivaa kitenge kipya. Posa bila mimi ni kikao cha ushirika.

Waliingia nyuso zimekazwa. Nikajua tayari wamelisikia basi. Mshenga, mzee aliyevaa koti la suti lililokatwa kwa ajili ya mtu mnene zaidi, akaketi, akakohoa, akaanza kwa mbali kama inavyotakiwa: kwamba kwao wamepotelewa na ndama, wakafuata nyayo, na nyayo zimeishia kwenye zizi hili. Akaanza vizuri tu. Nyemo akaitikia vizuri, kwamba ndama hawakosekani, ila zizi lina mwenyewe.

Sechelela akaingia, akapiga magoti, akainua sinia. Glasi za maji, moja kwa kila mgeni.

Mshenga akaitazama glasi. Nikaona shavu linamcheza. Shangazi akajifunika mdomo kwa mtandio. Halafu kijana aliyekaa mwisho akanong’ona, “Kumbe wanatoa,” na hapo wakapasuka wote. Mshenga alicheka mpaka koti likamvuka bega. Walijaribu kuacha, wakatazamana, wakaanza upya. Sechelela alibaki pale kwenye magoti yake, sinia juu, glasi zinagongana.

“Samahani sana, mama,” mshenga akasema akijifuta macho. “Maji yenu mazuri. Tutawasiliana.”

Hawakuyagusa. Wakarudi kituoni kungoja basi, na nikiwa mlangoni nikamsikia shangazi kwenye simu: “Haiwezekani, mwanangu. Wajukuu zangu wajulikane kuwa ni wa Kwa Mnyima Maji? Mbona wasichana wako wengi?”

Nyemo hakulia. Alizimwaga zile glasi kwenye ndoo, moja moja. Akamwambia binti yake aende akabadilishe nguo. Kisha akavuka njia akaja barazani kwangu, kumejaa kama kawaida, akawapita watu bila salamu na kusimama mbele ya kioo.

“Mtunza kipande,” akaniita, yeye ambaye siku zote ananiita dada Semeni. “Ninaomba, kwa kinywa changu, jina langu lifutwe.”

Hata aliyekuwa anatafuna akaacha.

*

Sheria ya Shirika ndivyo ilivyo, na nadhani ndiyo pekee waliyoiandika wakiwa hawajalewa: mtu aliye hai akiona alama imebeba jina lake au aibu yake, akaomba mwenyewe mbele ya kioo, mtunza kipande anaweza kuifuta. Anaweza. Hakuna mahali palipoandikwa lazima. Kioo kikamsikia Nyemo, kikanigeukia mimi na sauti yake ya sukari:

“Mtumiaji mpendwa, ukifuta alama hii, Kipande 614 kitabaki bila kituo. Je, una uhakika?”

Na kitufe kikatokea, kimetulia, kinangoja kidole.

“Ngoja kwanza!” Kedmon aliruka. “Ngoja, ngoja. Aitwe Diwani.”

Mheshimiwa Diwani Msanjila alifika chai haijapoa. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaweka kofia magotini.

“Mama Seche, uchungu wako tunauelewa sana. Ila tazama maslahi mapana.”

“Maslahi mapana yanakuja na simu mlangoni kwangu kila siku, Mheshimiwa. Sijakuona ukija kuyamiminia maji.”

“Tutabadilisha jina taratibu. Tuweke la heshima.”

Nikacheka kwa sauti. “Tuliweka la heshima. Mwambie lilipata uzito gani.”

Akaitazama kofia yake. Mwaka uliopita alisajili Soko la Msanjila, akawapikia watu pilau ili walitaje. Walilitaja kweli, wali mdomoni, kwa sauti ya darasa la kwanza linalosoma pamoja, na sikio la Shirika halihesabu maneno ya kukariri. Soko la Msanjila lilifika tatu. Mbwa wangu ana uzito kuliko hilo.

“Basi tuseme la kweli,” akadakia Mama Yusta, muuza zabibu, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule na mkamwana mwenye mimba kubwa nyumbani. “Tuseme Kwa Mtoa Maji. Si ndivyo ilivyo? Si anatoa?”

Wazo zuri. Tukalipigia makofi. Nikamwomba Nyemo atupe siku chache, akatupa, na macho yake yalikuwa ya mtu anayemkabidhi mlevi mtoto mchanga. Nikalisajili jina jipya, na baraza likaanza kazi. Walilisema kwa bidii mpaka uji ulipoletwa. Baada ya uji Kedmon akaanza kusimulia habari za mteja wake, “yule anayeshukia pale Kwa Mnyi...”, akajishika mdomo, wakamcheka, wakamwiga, na katika kule kumwiga jina la zamani likatajwa kuliko lilivyotajwa siku nzima. Kwenye kioo kitone kipya kilipepesa, kikafika sita, kikarudi nne, kikafa. Cha zamani kikapanda.

Wema hauna miguu. Ukiambiwa fulani ametoa maji unasema Mungu ambariki, na maongezi yamekwisha. Ukiambiwa fulani amenyima, unasogeza kiti.

Nyemo akarudi kama tulivyoahidiana. Safari hii alikwenda moja kwa moja mbele ya kioo. Alisimama tu.

“Sawa,” nikawaambia waliokuwepo. “Jina la Mheshimiwa limewashinda. Jina la wema limewashinda. Ninyi mnachoweza ni aibu peke yake. Basi tutafute aibu nyingine, ya mtu mwingine. Kituo kitabaki, na huyu mama atapumzika. Nani anajitolea?”

Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja.

“Kedmon. Tuweke Kwa Mchoma Kunguru?”

“Dada Semeni! Yule alikuwa kuku mweusi!”

“Mheshimiwa, je? Tuweke Kwenye Kisima Hewa? Wageni wangependa kuona kisima kilichozinduliwa na hakijachimbwa.”

“Suala hilo,” akasema akitafuta kofia yake chini ya kiti, “liko kwa wanasheria.”

“Mama Yusta, mwenzangu. Yule mchungaji aliyekuwa anakuja kuombea nyumba yako mchana, baba Yusta akiwa shamba...”

“Semeni! Mungu anakuona!”

“Na mimi nilimwona mchungaji.”

Wakaanza kuondoka. Mmoja alikumbuka mbuzi wake, mwingine akakumbuka ana mgonjwa. Kila aliyekuwa na meno ya kumtafuna Nyemo aligundua siku hiyo kwamba na yeye ana nyama. Baraza langu, ambalo halikuwahi kuwa tupu tangu kioo kitundikwe, likabaki na mikeka, maganda ya karanga, Nyemo na mimi.

*

“Hata wewe huwezi,” Nyemo akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo liliniudhi.

“Mkamwana wa Mama Yusta anajifungua wakati wowote. Kitone kikizimika...”

“Najua.”

“Gari la wagonjwa halitasimama, Mama Seche.”

“Semeni, najua. Mimi ndiye niliyesimama na simu sikioni nikilingoja lile gari. Unanieleza mimi?” Akaketi kwenye ukingo wa baraza, mara ya kwanza siku nyingi. “Unataka niseme basi, acha, ili mkono wako ubaki msafi. Sisemi. Nikikubali kubaki mtaniita mwema, na kesho watakuja kumwaga maji miguuni kwangu. Nikikataa mtaniita muuaji wa mjukuu wa Mama Yusta. Majina yote mawili mmeyatunga ninyi, mmekaa kwenye mkeka huu huu. Mimi nimeomba moja tu liondoke. Mengine yatakayotokea mtayajibu wenyewe, ninyi mliojenga mji juu ya mgongo wa mtu halafu mkamlaumu akijikuna.”

Ningependa kusema nilibonyeza kwa huruma. Sikuwa nayo ya kutosha. Nilitazama ile mikeka, nikawaona walivyokimbia, watu waliokunywa chai yangu miaka yote, mashujaa wa ulimi juu ya mwanamke asiyejibu. Walikuwa tayari mwenzao achunwe kila siku ili kuku wauzike, na hakuna aliyekuwa tayari kuchunwa ukucha. Nikasema moyoni, mji uliozoea kula mtu mmoja ukikosa mlo, na ujue njaa. Dharau ndiyo iliyonisukuma kidole. Na mkamwana wa Mama Yusta nilimfikiria, sitadanganya. Nilimfikiria, nikauona uso wake, na bado nikabonyeza.

“Ahsante, mtumiaji mpendwa,” kioo kikasema. Kitone kikazimika.

Basi la Manyoni likapita bila hata kuvuta pumzi. Upepo wake ukaiangusha meza ya zabibu.

*

Mji ukitolewa kwenye ramani haunyamazi. Zabibu zilichacha, kuku wa Kedmon wakazeeka wakiwa hai, na watu wenye nguvu zao wakasimama kando ya lami kuyapungia magari yasiyo na macho. Mimi hakuna aliyekanyaga baraza langu. Nilipika sufuria nzima ya chai kwa mazoea, nikaimwaga. Nikapika tena kesho yake. Sijui kupika chai ya mtu mmoja.

Mkamwana wa Mama Yusta alishikwa na uchungu asubuhi. Wakampandisha kwenye mkokoteni kuelekea kituo kinachofuata, mbali, juani, na mtoto hakungoja. Alizaliwa kando ya barabara kuu, malori yakimkwepa kwa adabu, na mama yake akatokwa damu mpaka wanawake wakavua kanga zao zote kuizuia. Nyemo alikuwa miongoni mwao. Wakapona, mama na mtoto. Wasingepona, nisingekuwa na mdomo wa kusimulia haya, na yeyote angekuwa na haki ya kunishonea.

Mama Yusta alikuja kwangu damu haijakauka mikononi. Akasimama nje, hakupanda.

“Semeni Chilewa! Toka! Mfutaji we! Mjukuu wangu kazaliwa barabarani kama mbwa, kwa sababu yako! Nitamwambia kila nitakayekutana naye, mpaka nife, mwanamke aliyeufuta mji huu anakaa hapa! Hapa hapa! Kwa Mfutaji!”

Nimejibizana na watu wengi maishani bila haki, na yeye siku hiyo alikuwa nayo yote.

Nyuma yangu kioo kikalia. Nikageuka. Kitone cha kijivu kilikuwa kimejichomoza chenyewe katikati ya kipande, hakuna aliyekisajili. Kwa Mfutaji. Uzito: kumi na moja.

Nikakaa chini taratibu.

“Mtumiaji mpendwa,” kioo kikasema, “alama hii mpya inaonekana kukuhusu wewe. Je, ungependa kuomba ifutwe?”

Mwenye jina nilikuwa mimi, na mtunza kipande nilikuwa mimi. Neno moja na kidole kimoja, na mama yangu aliyenizaa angelala salama kaburini kwake. Nilikitazama kile kitufe kwa muda mrefu kuliko nilivyokitazama cha Nyemo. Hilo nalo linanionesha mimi ni mtu gani.

“Niache,” nikakiambia.

Wakanichamba. Walinichamba kisimani, wakanichamba nje ya kanisa baada ya ibada, wakanichamba kwenye simu kwa ndugu zao wa Mwanza na Tanga. Kedmon akatunga kwamba nilihongwa na Shirika. Mheshimiwa Msanjila akatangaza mkutanoni kuwa aliniona kwa macho yake nikibonyeza huku nacheka. Mwingine akaongeza kwamba mama yangu naye aliwahi kufuta kitu, hakusema nini. Kila mmoja alitia chumvi yake. Hakuna aliyekariri, hakuna aliyepikiwa pilau. Nikiwa nimekaa peke yangu mbele ya kioo nilisikia hata fahari kidogo: hawa nimewalea mimi. Kitone kikafika thelathini, kikawa cha rangi ya chungwa, na Ijumaa moja adhuhuri kikavuka arobaini, kikawa chekundu.

Basi likapunguza mwendo.

“Abiria wapendwa, tunaingia Kwa Mfutaji. Mahali hapa mwanamke mmoja aliufuta mji wake kwenye ramani, na mtoto akazaliwa barabarani. Mnakaribishwa kununua zabibu.”

Ungewaona. Kedmon alikimbia na mkaa mikononi akimshukuru Mungu kwa sauti. Mheshimiwa akapanda juu ya kreti akaeleza jinsi alivyofuatilia suala hilo makao makuu. Hakuna hata mmoja, katika mji mzima, aliyejiuliza kituo kimerudi vipi. Waliamini Shirika limewaonea huruma. Na walipokwisha kushangilia wakarudi kunitukana, wakashiba zaidi.

Abiria wakajaa barazani kwangu, simu mbele.

“Hodi! Tunaomba utufute!”

Na kicheko.

“Karibuni,” nikasema. “Vueni viatu.”

Hawakutegemea hilo. Wakavua. Wakaketi mpaka ukutani, wakapata chai, wakanipiga picha nikimimina, wakaniuliza kama nalala usingizi. Mmoja alitaka nikunje uso. Nikamkunjia. Sufuria iliisha.

Katikati ya zogo lao nilimsikia Nyemo. Alikuwa amekaa kizingitini kwake, hakuna mgeni mbele yake, simu sikioni, anaongea na Manyoni, wale wale walioziacha glasi zake bila kuzigusa.

“Ndiyo, mkwe, Jumapili inatufaa sana. Seche hajambo, anawasalimu... Hapana, hampotei, ni rahisi. Mkisikia basi limetaja Kwa Mfutaji, hapo hapo mshuke, mlango wa bluu. Eeh, huyo huyo.” Akacheka kidogo. Akanitupia jicho, akaona namtazama, akageuzia uso upande wa ukuta. “Aa, jirani tu, mkwe. Wala hatuzoeani.”

Kwenye kioo uzito ukapanda kwa moja.